Bati la Tatu

Mama Tulinagwe, nimerudi.
Usinikaribishe chai kwanza. Ngazi nimekuja nayo,
na bati lililopungua nimelinunua Iwawa kwa hela yangu,
limefungwa kwenye pikipiki kama mgonjwa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, sakitu imeunguza viazi
hadi majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
uliniambia: fundi, nataka jiko la kuni lenye bomba,
macho yangu yamechoka kulia bila msiba.
Nikakupigia hesabu ya bati tatu.
Ukauza pareto yote, na kuku mmoja.
Nikatumia mbili.

Bomba likatoka ukutani, likapinda, likapinda tena,
likaishia chini ya mgongo wa paa
kama mtoto mfupi nyuma ya umati,
anasikia ngoma, uwanja hauoni.
Moto wa kwanza ulipowaka nikasema: unaona?
Siku hiyo hapakuwa na upepo.
Nikapokea ujira. Nikanywa soda. Nikaondoka.

Lakini upepo wa Kitulo hakuwa shahidi wa makubaliano yetu.
Unashuka usiku, unagonga paa,
unajipindua upande wa pili
na kushindilia moshi ndani ya bomba
kama mchuuzi anayejaza lumbesa.
Na moshi wenyewe ulikuwa goigoi:
kuni mbichi za muwati, bomba la baridi, kona mbili.
Hewa ya moto hupanda ingali na haraka;
ikipoa njiani inakaa kitako, inasahau safari.

Waliosema pafukapo moshi pana moto
hawakusema moshi ufukie wapi.

Habari za Lutengano nimezisikia.
Nilizisikia sokoni Tandala, kwa mwanamke anayepima vitunguu,
hakujua kwamba fundi ni mimi.
Kwamba mlifunga dirisha kwa ajili ya baridi,
makaa yakabaki mekundu, mazuri, bila moshi wa kuonekana,
na mtoto wa miezi saba akalegea mgongoni kwa dada yake
kama kitenge kilicholowa.
Kwamba ulimkimbiza nje, ukamlaza juu ya nyasi nyeupe,
na baridi ile ile mliyokuwa mnaifungia mlango
ndiyo iliyomrudishia kilio.

Kuomba radhi kwa maneno sijui.
Shika hii kamba.

Kona moja naiondoa. Ya pili naitoa pia,
bomba lipande wima, kama mtu mwenye jibu.
Tundu la paa nalipanua: boriti ikae mbali na bomba,
shubiri mbili, na katikati bati la kola,
si karatasi za mfuko wa saruji nilizoziba nazo mwaka jana.
(Zimeungua pembeni. Ona. Nyumba nzima
ilikuwa inaning'inia kwenye ule weusi.)

Bati la tatu hilo. Linaupita mgongo wa paa,
linaupita kwa futi tatu, linasimama peke yake penye upepo,
na kofia juu, ya kuzuia mvua,
kofia isiyobana kichwa.

Lete kiberiti. Kuni bado.
Washa njiti moja, isogeze kwenye mdomo wa jiko.
Mwali ukisimama wima, nina kazi.
Ukikuegemea wewe, nifukuze.

Umeinama.
Umeinama kwa ndani, mama,
kama aliyesikia akiitwa jina lake.

Basi. Muwati ukauke kwanza, tangu mavuno hadi baridi.
Masizi myatoe kwa tawi la msindano na jiwe,
mkisikia bomba linakohoa, msingoje.
Na dirisha, hata usiku wa sakitu,
liache upana wa vidole viwili
kwa ajili ya yule mdogo asiyejua kusema kichwa kinauma.

Risiti ya bati ipo juu ya kabati. Haina deni.
Ile ya mwaka jana, yenye bati tatu na saini yangu,
ndiyo uwashie moto.
Mimi nitasimama nje nitazame
moshi wake unaelekea wapi.