Makato

Mwezi wa kwanza baada ya ndoa
niliifungua karatasi ya mshahara kwa vidole vyenye hina.
Jina la baba lilikuwa palepale.
Kodi ya mapato: ileile, hadi senti.

Nikamwendea mhasibu, Bwana Chilumba,
anayefungia korosho kwenye droo ya mafaili.
Nimeolewa, nikamwambia.
Akasema, hongera.
Nikangoja.
Hongera sana, Somoe, akasema,
lakini kodi haili pilau.
Wewe na namba yako, yeye na yake.

Shehe alisema: kuanzia leo, nyumba moja.
Mama mkwe alisema: chungu kimoja.
Serikali, ambayo hatukuipa kadi ya mwaliko,
ilisema: wawili.

Nimeshika kitasa, Chilumba akaniita.
Njia ipo. Mume na mke wakitaka
huomba wahesabiwe kama mtu mmoja.
Ila kaeni kwanza, mpige hesabu.
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tukakaa. Mtanda, Jumamosi usiku,
sufuria ya ming'oko katikati, chumvi kwenye kifuniko.
Mfaume alileta daftari la ghalani, la kilo na magunia,
mimi nikaleta kalamu ya wodini.
Andika vyote, nikasema,
hapa hawaulizi mshahara, wanauliza mapato.
Neno hilo likakaa mkekani
kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Akaandika ujira wake wa kupima korosho.
Nikaandika wangu wa kupima watoto.
Akamenya mng'oko. Akamenya mwingine, hakuula.
Kisha, kwa herufi za sisimizi:
pikipiki moja, Mnazi Mmoja,
anaendesha Bakili, elfu saba kwa siku.

Pikipiki!
Wiki tano nimelala ubavuni pake
na mlio wake sijausikia.

Sikusema kitu, maana zamu ilikuwa yangu.
Mikorosho ishirini na miwili, Nyangamara,
ya upande wa mama, mume haingii.
Kikoba, hisa arobaini,
gawio Desemba.
Aliitazama ile namba
kama anavyongoja sindano ya mizani itulie.

Tukajumlisha kwenye simu yake.
Mimi peke yangu nilisimama kidato cha pili.
Yeye peke yake alikuwa cha kwanza,
kisigino bado kinagusa ardhi.
Lakini huyo mtu mmoja tuliyemshona kwa wawili
alitoka mrefu, kichwa kinagonga vidato vya juu
ambako asilimia hazina huruma.
Alidaiwa kuliko sisi wote.

Basi tusiungane, akasema mume wangu.
Tusiungane, nikasema,
tukacheka hadi Mama Biadawa akagonga ukuta.

Ila karatasi hakuna aliyeichana.
Wazee wa posa waliuliza ukoo,
wakauliza maradhi, wakauliza kama naamka alfajiri.
Hakuna aliyeuliza: unaficha nini, na ni kiasi gani?
Nguo tulishavuana zamani.
Hesabu tumevuana usiku ule,
na mimi ndiye niliyeona haya,
nikaufunika mguu kwa upande wa khanga
kana kwamba anaona mikorosho.

Jumatatu Chilumba akanidaka kwenye ngazi.
Vipi, mmekuwa mmoja?
Kwako wewe, wawili, nikamjibu.
Akafungua droo. Akanipa tano, nikazihesabu.

Siku hizi zamu ikiisha
Bakili ananingoja kwenye geti la hospitali,
injini inanguruma, nauli hataki.
Na juzi nikitafuta kalamu yangu
nimekuta daftari la ghalani liko wazi,
mwandiko uleule wa sisimizi:
Pikipiki, elfu saba.
Makato: mke, mia tano.