Gramu Mia Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Mabela bado haijachemka.
Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Napanda mizani ya kioo, miguu mitupu,
nguo nimetundika mlangoni, hata hereni nimevua,
na namba zinasitasita
kama muuza dhahabu wa Matrah aliyekwisha jua hununui.

Themanini na tatu nukta sita.
Wiki mbili nyuma: themanini na tatu nukta nane.
Gramu mia mbili.
Kikombe kimoja cha sukari,
sukari ambayo hata sikuitia.

Mwezi wa nne walinipasua wakamtoa Thuwaiba.
Mwezi wa sita wakanipasua tena, wakatoa nyongo,
imejaa vijiwe kama mfuko wa mtoto
aliyetoka kucheza kwenye wadi.
Nesi wa Kerala alinionyesha kichupani,
akavitikisa kidogo, vikalia.
Mama akasema: "Sasa ndiyo huna nyongo kweli kweli."
Nilicheka. Mshono ukanikataza.

Mama kashuka kutoka Ibra mara ya pili,
na mkaja, na uwatu, na samli ya ng'ombe kopo zima.
Arubaini ikaanza upya.
Daktari kakataza mafuta,
mama kakataza daktari.
"Tumbo la mzazi haliachwi wazi, litaingia upepo."
Upepo gani, mama?
Nyuzi arubaini na sita huko nje,
nyuzi kumi na moja humu tumboni,
na wewe unavuta kitambaa kama unafunga mzigo wa safari.
Taratibu. Hapo. Hapo panauma.

Nimeambiwa nitembee.
Wapi, na lami inayeyusha ndara?
Basi natembea dukani, usiku, baada ya isha.
Khalfan anambeba mtoto, mie nasukuma kigari kitupu,
nakiegemea kuliko ninavyokisukuma,
kutoka magunia ya basmati
mpaka kwenye friji za maziwa ya ngamia,
kisha narudi. Mara sita.
Mlinzi amenizoea. Anadhani sijui ninachotaka.
Ninajua: nataka kufika kwenye maziwa
bila kushika ubavu.

Bi Ghania alikuja na halua na macho yake yote.
"Mashallah, umenawiri."
Sote tulijua kunawiri kuna maana gani.
"Binti yangu mie, arubaini haijatimia,
kanguo kake ka harusi kashamrudia."
Nikamsukumia sahani.
Kula, bibi. Kula na sehemu yangu.

Pete iko bado kwenye kikasha cha ubani.
Kila Ijumaa naijaribu,
inafika fundoni mwa kidole, inagoma.
Ijumaa iliyopita iligoma
mbele kidogo ya pale ilipokuwa ikigomea.
Sikumwambia mtu.

Kliniki, Jumatatu, walimweka Thuwaiba kwenye mizani yake,
beseni la plastiki lenye picha ya bata.
Tangu aletwe mara ya mwisho, kaongeza gramu mia nne.
Nikapiga hesabu pale pale kwenye kiti:
mia mbili kazitoa kwangu, zinajulikana.
Mia mbili nyingine sijui kaziokota wapi.
Labda kwenye usingizi wangu.

Leo alfajiri nimechelewa.
Nimemkuta mama kanitangulia,
kasimama juu ya kioo, kanga kaipandisha magotini,
anainama kusoma bila miwani,
mkono mmoja kaushika ukuta.

"Hii kitu inasema nini?"

Nikatazama. Namba zilikuwa bado zinatafuta.

"Inasema hujambo, mama."

Akashuka, mguu mmoja, halafu wa pili,
akaisukuma mizani kwa kidole gumba chini ya kitanda.
"Basi na wewe isikwambie zaidi ya hapo.
Njoo nikufunge, mtoto anaamka."