Gramu Saba

Mimi ni karani wa mizani, Uvinza.
Gunia likitoka majarubani hupita kwangu,
likifika stesheni hupimwa tena, limepungua.
Kila siku tajiri huniuliza: imekwenda wapi?
Unyevu, namwambia. Jua limekunywa chake.
Haamini. Ananitazama mikono.

Ndiyo maana siku ile mwalimu Ruhinda
alipokuja kununua chumvi ya ng'ombe wake
akanisimulia upungufu mwingine,
niliweka kalamu chini.

Huko tumboni mwa jua, alisema, hakuna kuni,
hakuna wa kupuliza wala wa kuchochea.
Kuna haidrojeni, nyepesi kuliko vyote,
imebanwa, imebanwa,
mpaka punje nne zinasahau ugomvi wao
zinakuwa punje moja ya heli.
Sasa ipime.
Kilo iliyoingia haitoki kilo.
Gramu saba hazipo.

"Kaiba nani?" nikauliza, kwa mazoea.
Akacheka, akanyoosha kidole nje,
kwenye mwanga uliotandaa juu ya chumvi.
"Hizo hapo."

Nuru hiyo huhangaika humo ndani
maelfu kwa maelfu ya miaka ikitafuta mlango,
inagonga huku, inarudishwa kule,
na ikishatoka haikawii:
dakika nane na ushei
iko Uvinza,
iko juu ya shingo ya mama yangu.

Mama ni Bukuru. Pacha wake ni Butoyi.
Bibi aliwafunga uzi mkononi asiwachanganye.
Leo hata mgeni hawachanganyi.
Butoyi kakaa ghalani miaka thelathini
akishona midomo ya magunia.
Mama kakaa majarubani na reki,
jua moja juu, jua la pili chini,
maana chumvi nyeupe haimezi miale,
huitema usoni.
Kofia inazuia la juu.
La chini alizuie nani?

Bukuru alitangulia kuzaliwa kwa dakika chache.
Jua limezilea zile dakika zikawa miaka kumi.

Ngozi yake ilijitahidi, siisingizii.
Ilitandaza weusi wake,
mwavuli uliofumwa kwa ndani,
ukadaka mshale mmoja mmoja.
Lakini mwavuli nao huchakaa.
Na sitalitukana jua lote:
ndilo lililonikomaza mifupa
nikiwa mgongoni mwake, uchi, asubuhi,
kabla halijawa kali.

Jicho ndilo halina mwavuli.
Kwenye kona ya puani kimeota kinyama,
chekundu, chembamba,
kinatambaa kuelekea mboni
kama jirani anayesogeza mpaka wa shamba usiku.
Jioni anasema ana mchanga machoni.
Namtazama. Hakuna mchanga.

Nilimnunulia miwani dirishani mwa treni,
nyeusi tititi, elfu tatu, treni tayari inang'oa.
Daktari wa macho pale Maweni aliigeuzageuza, akaguna:
"Hii ni giza tu. Haichuji kitu.
Mboni ikiona giza hufungua mlango,
na ile miale usiyoiona huingia bila hodi."
Kumbe nilimlipia mwizi nauli.

Sasa anayo ya kweli, pana, inakumbatia mashavu.
Kinyama hakijarudi nyuma. Kimesimama.
Butoyi anaiazima siku za harusi
na mama anamnyima, wanagombana
kwa sauti ile ile moja,
mtu akiwa nje asijue nani kasema nini.

Jana tajiri kauliza tena: imekwenda wapi?
Mama alikuwa anapita, reki begani.
Sikusema unyevu.
Nilinyoosha kidole.