Abiria Asiye na Tiketi

Saa mbili kasoro tano simu inalia ndani ya droo.
Nakata tiketi moja zaidi (pikipiki, magunia matatu ya viazi),
nafunga dirisha la kibanda hapa kivukoni Kamanga,
nameza vidonge viwili vyeupe na kimoja cha manjano.
Foleni inapiga miluzi. Ipige.
Malongo ananisubiri humu ndani.

Malongo, mdogo wangu, yuko Misungwi analima mpunga,
ila figo yake ya kushoto inaishi kwangu,
chini ya kitovu, upande wa kulia,
kauvimbe nikikagusa usiku
ni kama kiazi kilichosahaulika shambani.
Askari wa damu yangu hawamjui.
Hawajali kwamba tulinyonya ziwa moja,
tukaoga ziwa moja.
Kwa hiyo kila siku, mara mbili, nawalevya.
Nawaambia: kaeni. Huyu apite.

Nami ni mtu wa geti, nilipaswa kujua:
ukimzoesha mlinzi kutouliza,
hachagui wa kutomuuliza.

Sista Nyanjige alichovya pamba kwenye siki.
"Ni siki tu, Limi, kama ya kachumbari. Legeza magoti."
Dari lilikuwa na doa la maji lenye umbo la Ukerewe.
Nikahesabu hadi sitini. Kisha kikaja kimya chake,
kimya cha mtu anayetafuta neno jepesi.
"Pamegeuka peupe," akasema.
Kwenye mlango wa kizazi, mfano wa uso wa saa,
kati ya namba mbili na namba tano.

Anaitwa kirusi cha papiloma.
Hakuja jana. Huenda aliingia nikiwa binti wa miaka ishirini,
askari wakamkanyagia chini,
akajikunja kwenye kona, akanyamaza.
Leo walinzi wamelala,
naye anajinyoosha miguu.

Masalu alisikia nusu ya habari.
Tangu nipandikizwe yeye ndiye anayesonga ugali;
alisimama na mwiko mkononi:
"Umeitoa wapi?"
Sikumjibu. Ugali uliungua, tukaunusa wote wawili.
Kesho yake nilimpandisha kilima cha Bugando,
akaketishwa kwenye kiti cha plastiki, akaambiwa:
mgeni huyu hulala miaka na miaka bila kukoroma.
Labda ni wako, labda ni wake,
labda ni wa kabla hamjajuana.
Hana risiti.
Tulishuka bila neno mpaka Mabatini.
Akanunua chungwa, akalimenya, akanipa lote.
Sijui kama hiyo ni samahani.
Nililila.

"Tupunguze dawa?" nilimuuliza daktari.
Akatazama karatasi ya damu, akatazama tumbo langu.
Tukizipunguza ovyo, alisema, askari wataamka wote,
na wa kwanza kukamatwa atakuwa figo.
"Huyu tutamchoma hapo hapo alipo."

Ncha ya moto. Pumzi, pumzi.
Harufu ya ukucha ulioguswa na kaa.
Maumivu ya chini, kama ya hedhi iliyochelewa njiani,
kisha nikajifunga kitenge changu nikatoka.
Mawe ya kilimani yalikuwa vile vile,
moja mgongoni mwa jingine,
hakuna aliyeyapanga,
hakuna lililoanguka.

Kwenye kadi Sista ameandika tarehe:
miezi sita, halafu kila mwaka, halafu kila mwaka.

Jana nimempigia Mbuke,
tuliyekuwa tukisafishwa damu vitanda jirani;
yeye anatembea na figo ya shangazi yake.
Nikamuuliza: na kule chini, umepimwa?
Akacheka. "Kule kuna figo?"
Nikamweleza, sauti yangu ikapungua
maana foleni ilikuwa imefika dirishani.
Akaacha kucheka.
Siki, nikamwambia, siki tu, Mbuke. Nenda.

Honi. Kivuko kinageuza mdomo kuelekea Sengerema.
Nafungua dirisha.
Wangapi?