Si Dawa

Wa kwanza nilimwacha kwenye benchi la stendi, Njombe,
Juni, ukungu umeukalia mji kama kuku juu ya mayai.
Ndege wa kitambaa, hazidi dole gumba,
tumbo la sufi, macho ya uzi mweusi,
mabaki ya sketi ya shule niliyokata asubuhi.

Nikajibanza kibandani kwa muuza chai, nione nani atamchukua.
Watu wakasimama hatua tano nyuma.
"Nani kaacha hirizi hapa?"
Konda akaapa hatalikalia benchi lile mpaka linyeshewe.
Mzee Mligo, mlinzi, akamgeuza kwa ncha ya rungu,
akamsukumia mtaroni, akamwagia chumvi
aliyoiomba kwa muuza mayai.
Chumvi ya watu, hivi hivi.
Chai yangu ikapoa.

Wa pili nikamfunga karatasi shingoni:
SI DAWA. NI NDEGE. CHUKUA.
Nikaharibu kabisa.
Nani husema si dawa, ila mwenye dawa?

Basi nikajifunza kutoa kwa mkono,
jicho kwa jicho, "kamwene" kwanza.
Foleni ya hospitali, dirisha la vipimo,
mama mmoja, mtoto mgongoni, kadi imekunjika pembe zote.
"Shilingi ngapi?"
"Bure."
"Bure ya nini? Wewe wa chama gani? Kanisa gani?"
"Fundi cherehani. Vitambaa vinabaki."
Akanitazama kama anayehesabu chenji ya usiku.
Mtoto hakungoja hesabu:
alimnyakua, akamtia mdomoni, bawa zima.

Twilumba wa viazi alikataa katakata.
"Cha bure hakilali kwangu."
Akanitwisha viazi sado nzima kwa ndege mmoja,
nikapanda nao kilima nikihema,
najiuliza nani hapa kampa nani.

Septemba, baridi imeanza kulegea,
nimechelewa na sare za watu, napita getini usiku.
Kurunzi ya mzee Mligo inaning'inia shingoni mwake,
na kwenye kamba yake, kitu.
Kimefifia, kina mabaka meupe ya chumvi.
Kumbe alirudi mtaroni.

"Mzee, hiyo nini?"
Akaifunika kwa kiganja, kama mtu aliyeulizwa mshahara.
"Hii? Dawa."
"Ya nini?"
"Ya lindo. Usiku mrefu huu, we mama."

Mdomo ulikuwa umeng'oka; ameushona upya
kwa uzi wa gunia, umepinda kushoto,
kama ndege anayetaka kusema jambo
kwa mtu wa pembeni.
Mimi sikuwahi kumshona hivyo.
Nikamtakia usiku mwema, nikashika njia.