Sita

Muhenna harudi msikitini mikono mitupu.
Alfajiri, kuta za Mabela bado zina joto la jana,
nasikia ndara zake, kisha mfuko wa nailoni
ukichakarika mezani: samuni sita.
Sita, kama tulivyokuwa.

Sasa tu wawili, na paka wa jirani ukipenda kumhesabu.
Azza yuko Dubai, ana mtoto anayenisalimu kwa Kiingereza.
Harith yuko Dukum, bandarini, hupiga simu upepo ukitulia.
Nasra anauguza watu Nizwa, zamu za usiku.
Yaarubi yupo Doha. Yaarubi hasemi anafanya nini.

Nilimwambia mara moja tu, mwaka juzi:
"Muhenna, nunua miwili."
Akaitazama chai yake kama iliyoingia nzi.
"Kunju kazoea," akasema. "Ataniuliza."

Basi mikate hulala.
Kufika Jumatano beseni limejaa,
migumu kama visigino vya mtu wa shamba.
Na mkate hautupwi. Ukianguka unaokotwa,
unabusiwa, unapandishwa hadi kwenye paji la uso,
hivyo tulilelewa Wete, hivyo tulikuta huku.

Nauchana kwa mkono.
Maziwa ya kopo nayalegeza kwa maji, nayachemsha,
iliki nimeziponda kwenye kinu cha shaba,
kungumanga naikwaruza hadi inipate ncha ya kidole.
Mayai matano. Zabibu, zile zilizobaki na Ramadhani.
Sukari sipimi, namwaga mpaka marehemu mama,
huko aliko, aseme basi.
Kisha naukandamiza kwa kiganja unywe.
Usiuharakishe. Mkate mkavu
una kiburi cha nusu saa.

Samli chini, asali ya tende juu,
jiko langu huunguza upande wa kushoto
na mimi sijalitengeneza.

Harufu haina adabu, hupita chini ya mlango.
Bi Gulnar wa nyumba ya pili humtuma mjukuu
kurudisha sahani yangu.
Sahani ile ile, wiki ya tatu sasa anairudisha.

Mwezi wa saba goti la Muhenna lilivimba.
Nikavaa abaya, nikaenda mwenyewe kwa Kunju,
njia nzima nikijifundisha: miwili, miwili,
na kwa Kiarabu pia, asije akanielewa vibaya.

Sita haina taabu.
Watu sita, mikate sita, viti sita, haijali ngeli,
imetoka Uarabuni ikaenda Pemba ikarudi,
na bado Kunju wa Kerala anaijua.
Wawili, miwili, viwili,
hiyo ndiyo hubadili nguo kila nyumba inayoingia.

Kunju alikuwa na unga hadi kwenye nyusi.
Akanitazama, akatazama nyuma yangu, hakumwona mzee.
Nikafungua kinywa.
Mdomo ulikuwa tayari kwa *m*, nakuapia,
midomo imeshakutana.

"Sita," nikasema.

Hakuuliza. Mfuko alikwisha kuufunga.

Nyumbani Muhenna alikuwa kalaza mguu kwenye mto,
macho dirishani, masikio mezani.
Nikauweka mfuko polepole
na bado ukachakarika wote.
Akauhesabu kwa sauti yake, namjua.
Hakusema neno.
Akausogeza mguu nipate pa kukaa.

Alhamisi nikaoka.
Ana sukari, Muhenna. Daktari ameandika orodha
na nimeibandika kwenye friji:
halua hapana, tende moja, juisi hapana.
Nikamkatia pembe ya kushoto, ile iliyoungua,
nyeusi kando, laini ndani kama shavu,
anayoipenda kuliko zote
na ambayo daktari hakuitaja.