Saa Kumi na Tano

Neno nililitafuta kabla sijatafuta darasa.
Usonji. Mama, kwenye simu, kutoka Pangani, akauliza:
"Ndiyo maradhi gani hayo, ya kifua?"
Si maradhi, mama. Ni namna yake.
Akanyamaza, salio likiliwa,
kisha: "Haya. Na hiyo namna yake inakula nini?"
Wali mweupe, mama. Mchuzi usiuguse.

Fomu ilikuja na kisanduku kipana kama kiganja:
Mweleze mtoto wako.
Twalibu, miaka sita, aenee humo?
Nikaandika kwamba anaijua milango yote
ya stesheni ya mabasi ya Preston kwa namba,
kwamba kengele ya shule kwake ni sindano,
kwamba akitaka kitu hasemi,
huushika mkono wangu akauweka juu ya kitu chenyewe,
kitasa, kikombe, zipu;
mkono wangu ndio sentensi yake.
Pakajaa. Nikageuza ukurasa, nikaendelea.
Wakairudisha: nyuma hapasomwi.

Mwalimu wake, binti mpole, macho mekundu kwa usingizi,
watoto thelathini na mikono miwili,
aliniambia kando ya rafu ya viatu vya mvua:
"Hasumbui. Anakaa chini ya meza tu."

Tu.
Nikalibeba hilo tu, nikapanda nalo kilima
katika mvua ya Lancashire, isiyonyesha wala kukatika.
Nyumbani nikalivua pamoja na koti.
Likabaki.

Kikao: watu saba, jagi la maji,
biskuti ambazo hakuna aliyezigusa.
Wote waliniita Mama,
hata yule mzee mwenye mvi ambaye sikumzaa.
Mmoja alitaja bajeti mara tisa. Nilihesabu,
maana mwanangu amenifundisha kuhesabu ninapoogopa.
Sikulia. Kiingereza changu kikilowa hakishiki.

Barua ikaja Desemba: msaidizi, saa kumi na tano kwa juma.
Kwenye saa ya kwetu hakuna saa kumi na tano.
Ikifika kumi na mbili, inaanza upya.
Na juma la shule lina thelathini na mbili na nusu;
nikatoa kwa penseli nyuma ya bahasha,
zikabaki kumi na saba na nusu.
Katika hizo, nikawaandikia, mwanangu awe nani?

Swali halikujibiwa. Ililetwa anwani ya rufaa.
Basi nikakata rufaa, nikaikata kama mtu akatavyo kuni,
kila usiku kidogo, baada ya zamu,
ripoti ya daktari huku, picha ya meza kule,
na daftari nililoandika siku alizorudi na suruali mbichi
kwa sababu choo cha shule kina mashine ya upepo inayonguruma
na hakuna aliyemwona akisimama mlangoni,
akitafuta mkono.

Mwezi wa tano wakamleta Bi Hesketh,
mtu mzima, soksi zisizofanana,
goti linalomlalamikia kila akikaa sakafuni.
Saa ishirini na tano. Sikuuliza zile nyingine, siku hiyo.
Wiki ya kwanza hakumtoa Twalibu chini ya meza.
Aliisogeza meza karibu na dirisha,
pale mabasi yanapopita.

Jana, saa tisa na robo, langoni,
vifunika-masikio kichwani, koti wazi, upepo,
mwanangu alishika mkono.
Si wangu.
Akauweka juu ya zipu, akangoja.

Nikaona wivu. Nikaupokea kama risiti,
nikaukunja, nikautia mfukoni,
ubavuni mwa barua ya asubuhi ile
isemayo kwamba Septemba watalitazama upya.